Sampuli Namba Hamsini na Tatu

Miaka thelathini na moja nimetazama kisichoonekana.
Kwenye harusi moja Kibosho shangazi alinitambulisha:
huyu mtoto wa kaka yangu amesomea uchafu
mpaka wakampa udaktari,
na wala hatibu mtu.

Nilianza na boksi la barafu na pikipiki ya kukopa.
Alfajiri, Kiboriloni, mlima bado umejifunika shuka,
wanawake wanateremka kutoka Mbokomu
na maziwa kwenye madumu ya njano
yaliyokuwa ya mafuta ya kula,
shingo nyembamba, mkono hauingii kuyasugua.
Nachota kidogo, naandika namba,
nalipa bei ya kikombe kizima.
"Unayapeleka wapi?"
"Maabara."
"Yanywe, mwalimu. Umekonda."

Kesho yake, kwenye sahani za kioo, makoloni yameota,
ya kijani, yanang'aa kama mgongo wa nzi.
Shuleni tuliimbishwa kwamba koloni liliisha mwaka sitini na moja.
Haya yalipandisha bendera kila dakika ishirini.

Sampuli za Majengo alizikusanya Loishiye, kijana wangu wa maabara.
Namba hamsini na tatu ilizizidi zote.
Nilirudia kipimo mara tatu.
Nikamgombeza Loishiye kwamba hakunawa.
Ndipo nikafungua kabati, nikatoa daftari la majina,
lile ambalo mtafiti hatakiwi kuligusa:
*Ndeshukurwa Mangowi. Mgando. Kibuyu.*

Mama.
Mgando ulionilipia ada tangu darasa la kwanza.

Nikaandika makala. Mama akaingia ndani ya asilimia
akakaa humo kimya, kama abiria asiye na tiketi.
Mhakiki mmoja, mtu wa nchi ya mabomba, akauliza:
kwa nini wauzaji hawanawi kwa maji yanayotiririka?
Nililala na swali hilo wiki mbili.
Mtaa wetu maji yalitoka Alhamisi.
Alhamisi tu, na si kila Alhamisi.
Nikajibu: *Tunashukuru kwa hoja hii muhimu.*
Wakachapisha. Nikapanda cheo.

Jumapili nikaenda Majengo na kipimajoto,
nikijifanya nawafundisha wauzaji wote:
yachemke kwanza, yapoe, ndipo yagande;
chombo kiwe na mdomo mpana.
Mama alikuwa akimenya ndizi za mtori.
Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.
Akainuka, akashusha kopo la majani ya chai,
akatoa kikaratasi alichoachiwa na Loishiye.

"Hamsini na tatu ni mbaya kiasi gani?"

Nilisema mambo ya wastani, ya viwango.
"Mmekunywa miaka yote," akasema. "Nani aliugua?"

Kisha akanyamaza,
nami nikaona amemfikia Elinipa,
mdogo wangu, meno manne,
siku nne za kuhara, masika ile barabara ilipokatika.
Sayansi hainiruhusu kusema lolote.
Hatukuchukua sampuli. Sikuwa hata nimejua kusoma.
Nilitaka kumwambia hivyo, kwamba hakuna ushahidi,
na neno *ushahidi* likanikwama kooni kama mfupa wa sato.
Ndizi zilizomenywa zikaanza kuwa nyeusi.

Tangu siku hiyo alichemsha.
Wateja walilalamika: ladha ya moshi imepotea.
Wawili walihama. Hakuwaambia sababu,
wala mimi hakunitajia tena ile namba.
Tulipomzika nililikuta kopo lile. Majani ya chai tu.

Chuo kimeniaga kwa saa ya ukutani
na cheti chenye jina langu limekosewa herufi.
Loishiye sasa ni profesa; bado ananidai radhi
kwa yale maneno ya mikono.
Radhi nilimpa. Anasema haikutosha, anacheka.

Asubuhi nabandika lita moja, nasimama.
Jirani anapiga hodi, siendi.
Maziwa yana tabia yake:
ukiyakodolea macho yanatulia kama hayakujui,
ukigeuka kuitika,
yamekwisha kuzima moto.