Kiwiko Chekundu

Sanduku lilifika Jumanne, limebonyea pembe moja.
Nililichukua Kariakoo, kwa Mushi wa vifaa vya shule,
ambaye kila mara huniuliza, "Mtoto ana miaka mingapi?"
Kila mara namjibu, "Arobaini na mmoja,"
anacheka, ananirudishia chenji pungufu.

Vipande mia mbili na kumi na sita,
vimechomekwa kwenye fremu zao kama mishikaki mibichi,
kila kimoja na namba yake,
na kijitabu cha maelekezo kwa maandishi nisiyoyajua.
Nasoma mishale.
Mshale haujawahi kunidanganya. Watu, ndiyo.

Nakata, ta! Nasugua kovu kwa msasa namba mia nne,
namba ile ile baba aliyosugulia milango ya Pijo
siku alipokuwa fundi rangi Gerezani,
vumbi jeupe nyusini, leso puani.
"Rangi haifichi bonde," alikuwa akisema,
"rangi inalitangaza."
Hakuwahi kumiliki gari. Alizijua zote kwa mashavu yao.

Kichwa kwanza. Kisha kifua,
kinachofunguka: ndani mna kiti cha rubani
kisichozidi punje ya mchele.
Ukikunja miguu hivi, magurudumu.
Ukivuta mgongo, mabawa.
Gari, ndege, mtu, mwili ule ule.
Sioni ajabu. Mimi ni karani hadi saa kumi,
mdaiwa hadi magharibi,
na baada ya hapo ndiyo kama hivi unavyoniona.

Saa tatu umeme ukakatika.
Tunu akawasha tochi ya simu bila kuombwa,
mkono wa pili akajipepea na mfuniko wa sanduku.
"Hiki nini?"
"Goti."
"Na hiki?"
"Breki ya hewani."
"Na kiwiko cha kushoto?"

Hapo ndipo tulipojua.

Kwenye fremu, namba kumi na nne, pengo kama la jino.
Tulipekua chini ya mkeka, ndani ya kandambili,
tukamtuhumu paka wa Bi Mwasiti,
tukamwachia kwa kukosa ushahidi.

Ijumaa nikashuka Gerezani.
Pale palipokuwa na banda la baba wanauza sasa rejeta.
Kijana mmoja, Shomvi, amekalia injini kama kigoda,
mbele yake taa ya nyuma ya Corolla, imepasuka.
"Naomba kipande. Kama kokwa ya tende."
"Cha gari gani, kaka?"
"Linaloruka."
Akatikisa kichwa taratibu,
kama mtu anayeijua modeli hiyo na matatizo yake,
akanivunjia kipande, akakataa hela.

Usiku wa tatu: wembe, msasa, sindano iliyopita motoni,
harufu ya plastiki hadi Bi Mwasiti akagonga ukuta.
Kiwiko cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikawa goti.
Cha tatu kikaingia, kikakaza, kikakunjika.
Mwili mzima wa kijivu, na pale mkononi
tone jekundu linalopitisha mwanga.
Kopo la rangi ya kijivu lilikuwepo, jipya.
Nililitikisa. Nililirudisha.

Sisi wa Kiwalani hatuhitaji saa:
ndege ya alfajiri hupita juu ya bati
chini kiasi kwamba unaweza kuhesabu tairi zake.
Leo nimeiamkia.
Nimemsimamisha kabatini, mkono wa kushoto juu,
kama askari wa usalama barabarani anayesimamisha msafara.
Ikaja. Bati likanguruma, vikombe vikagongana,
Tunu akajigeuza usingizini.

Mkono ukashuka kidogo,
nyuzi tano hivi, au sita,
kama wa mtu aliyeulizwa swali
na ameanza kulijua jibu.
Ukabaki hapo.

Sikuurudisha juu.