Kwato Kwenye Kigae

Tulikwenda Jumamosi, ukungu ukiwa bado
umeilalia mikaratusi kama blanketi lisilokunjwa.
Pikapu ya kuazima, ya kubebea mbao,
ilipanda kilima kwa gia ya kwanza na kwa kukohoa:
Skola usukani, chupa ya chai mapajani,
sisi nyuma juu ya maranda,
mimi, Hamida, na Vitalis Kikoti, fundi mwashi,
ambaye hakutaka kuja.
"Kanisa lile nalijua tangu nabatizwa," alisema.
"Na nina plasta Kihesa."

Likatokea ghafla ukungu ulipojikunja:
jekundu, pana, limechuchumaa kilimani
kama mama anayepepeta.
Mnara mmoja, na ile kengele
ambayo, nilipotumikia misa,
ilininyanyua kutoka ardhini kila nilipoivuta
na kunirudisha chini
nikiwa nimesahau dhambi niliyotaka kuungama.

"Kamwene," alitupokea katekista Mdemu,
funguo zikilia kiunoni,
akaanza historia aliyoikariri:
mwaka fulani, meli fulani,
kengele kutoka Ulaya, vioo kutoka Ulaya,
Padre alichoma matofali, Padre alijenga,
Padre alipaua.
Vitalis alikuwa akipima ukuta kwa viganja.
"Samahani, mwalimu. Huyo Padre
alikuwa na mikono mingapi?"

Skola alijiziba mdomo, lakini kicheko
kilikwishapanda darini, kikakaa huko na popo.

Hamida alikuwa mlangoni, anavua viatu.
"Si lazima, dada, sisi tunaingia navyo."
"Najua," alisema. "Miguu ndiyo haijui."
Akaingia peku, na baridi ya mwezi wa saba
ikimtoka sakafuni hadi magotini,
akitembea taratibu
kama anayepita kando ya mtu aliyelala.

Nguzo ya tatu, upande wa wanawake,
akasimama.
Akarudisha wayo. Akapapasa tena.
"Hapa pana kitu."

Tukainama, vichwa vikigongana.
Katika kigae kimoja, kati ya maelfu,
ukwato wa mbuzi.
Mdogo. Umegawanyika katikati
kama punje ya kahawa.

"Alikanyaga kikiwa kibichi," Vitalis alisema,
na sauti yake sasa ilikuwa imevua kofia.
"Vimeanikwa uani, jioni, mbuzi akakatiza.
Mtu akamfukuza. Ona, hapa ameteleza.
Halafu mtu huyo akakitazama kigae hiki,
na hakukitupa.
Akakitia tanuruni pamoja na vingine."

"Miaka ishirini na sita nadeki hapa,"
katekista alisema. Hakusema zaidi.
Akatufungulia kabati la sakristia,
akatuonyesha madaftari: ubatizo, ndoa, mazishi,
wino wa kahawia, mwandiko wa kulala.
Skola alifunua kurasa kwa ncha ya kidole.
Waliochimba udongo hawamo.
Waliokata kuni hawamo.
Bibi zetu waliochota maji ya kukandia,
wakipanda na kushuka na debe kichwani,
hawamo hata kama namba.
Mbuzi peke yake ndiye aliyetia sahihi.

Tuliporudi ndani tulimkuta Vitalis
amepiga goti, si mbele ya altare,
pale pale nguzo ya tatu,
kidole gumba ndani ya ukwato.
Sijui kama alikuwa akisali.
Fundi akipiga goti
huenda anatazama tu kama sakafu iko sawa.

Nje tulikunywa chai iliyopoa.
Hamida alisugua nyayo zake kwa kanga,
akasema kule kwao hakuna aliyemfundisha
kusoma kwa miguu.
Ukungu ulikuwa umeondoka; Ruaha Mdogo
unang'aa bondeni, mwembamba,
kama uzi uliosahauliwa kwenye nguo mpya.

Kurudi, hakuna aliyezungumza sana.
Tulipofika Ipogolo Vitalis aligonga bati,
mara mbili, kwa nguvu.
"Usinishushe nyumbani," alimwambia Skola.
"Nipeleke Kihesa.
Kwa baridi hii
ile plasta bado mbichi."