Jiwe la Saba

Misfa, jua halijavuka bado ukuta wa mlima.
Nimelala kifudifudi ukingoni mwa falaji
kama mtoto aliyeangusha shilingi,
shavu kwenye saruji, mkono majini hadi kiwikoni.
Mzee Sneidi, mgawa maji, ananiuliza
kwa Kiswahili chake cha Bujumbura:
"Binti, umepoteza pete?"

Sijapoteza kitu. Nahesabu viluwiluwi wa usubi.

Jiwe la kwanza: hakuna. Maji hapa yamelala,
tope limetanda kama machicha ya kahawa.
La pili, konokono wawili.
La nne limevaa ukoga; hawautaki, unateleza.
La tano na la sita nimeyaruka, Mungu anisamehe, mgongo unauma.
La saba, pale mfereji unapoinama
kushukia shamba la ndimu,
maji yanakuwa membamba, yanagombana,
yanameza hewa. Hapo wapo.
Mia na arobaini kwenye jiwe la ukubwa wa kiganja.

Kila mmoja katema uzi kidogo juu ya jiwe,
kaukamata kwa kulabu za mkiani,
kisha kajiachia mwili mzima, mkondo umnyooshe.
Kichwani pepeo mbili za nywele, wazi.
Anachuja kinachopita: unga wa majani makavu,
vumbi, povu la sabuni ya jirani wa juu.
Haikimbilii riziki.
Anaomba tu isisimame.

"Ndio hawa wanaotung'ata masikio?"
"Ndio hawa, wakikua."
"Na unawaandika kwenye daftari la serikali!"
Anacheka mpaka anakohoa.

Kivuli cha kijiti kimegusa alama.
Zamu ya warithi wa Bi Ghaniya, nusu saa.
Anainua jiwe la kuzibia, analivika kitambaa,
anafunga tawi letu.
Sauti ndiyo inayoondoka kwanza.
Halafu maji.
Wengine wananing'inia kwenye nyuzi zao, wakitafuta kulikoenda mbio;
wengine wamelala bapa, wanang'aa,
ufuta uliomwagika.

"Watavumilia?"
"Sijui, mzee. Hilo ndilo nililotumwa kulijua."

Anasimama kidogo. Anajikuna sikio.
Kisha anainama, analegeza kitambaa
kiasi cha unyoya wa kuku, na utepe wa maji
unarudi juu ya jiwe la saba, ukinong'ona.
"Kitambaa kimechakaa," anasema, hanitazami.

Naandika: Mkondo, hafifu.
Sababu: kitambaa.