Salio

Miaka ishirini na sita nilitunza stoo ya kiwanda cha magunia,
na haikutoka sindano pale bila sahihi yangu.
Muulizeni yeyote wa Njoro: mzee Ndewirwa
alijua zimebaki boliti ngapi, na ziko rafu ya ngapi.

Hii yangu, ya nyuma ya jiko,
mlango wake hufunguka nusu,
na anayeingia huingia kwa ubavu, kama kaa.

"Lini?" huuliza Aikande.
"Jumamosi," humjibu.
Sijawahi kusema Jumamosi ipi.

Ikaja Jumamosi ya msiba, Kiboriloni.
Ikaja Jumamosi ya mvua,
na ya kipaimara cha mtoto wa shemeji,
na ile ambayo sikuwa na udhuru wowote:
nikakaa kibarazani na chai yangu
nikiutazama ule mlango
kama mdaiwa anavyomtazama mdai akipita barabarani.

Akiba haiozi, nikasema.
Panya wakasikia.

Aikande hakunigombeza. Angegomba, ningepata pa kushikia.
Alileta daftari la mjukuu, kurasa nne tu zimechafuliwa na hesabu za kutoa,
na kalamu yangu ya kazini, bluu ncha hii, nyekundu ncha ile,
akaviweka mezani,
akaenda zake Mbuyuni kununua ndizi.

Nikapiga mstari.
Huo tu. Nilitaka kuona kama mkono bado unanyooka.
Tarehe. Kifaa. Idadi. Hali.
Safu ikikaa tupu inauma kuliko jino.
Nikanyanyuka.

Vifuniko vya hotpoti: saba. Hotpoti: hakuna.
Redio ya betri sita: moja. Inayoongea: hakuna.
Kalenda za miaka iliyokwisha, kumi na mbili,
kila moja ina mlima uleule.
Mwavuli: mbavu tatu.
Mifuko ya rambo, ya kabla ya marufuku, fungu moja,
imefichwa ndani ya sufuria kama bangi.
Viatu vya Nsia vya darasa la kwanza.
Nsia ana miaka thelathini na moja, yuko Tunduma, ana duka.
Hapo kalamu ilisimama kidogo.
Nikaandika: jozi moja. Hali: vidogo.

Saa sita akapita kijana wa chuma chakavu,
Shafii wa Pasua, na mkokoteni, na mzani wa kuning'iniza.
Nikamwita kabla sijajiuliza.
Tukatoa baiskeli isiyo na magurudumu,
jiko la mafuta ya taa, mabati, bawaba, minyororo,
na ile pampu ambayo ningeitengeneza mwaka uleule ilipoharibika.
Pampu nikaishusha.
Shafii akanitazama.
Nikairudisha.

Nilitegemea tani, haki ya Mungu.
Alipima fungu kwa fungu, akajumlisha kwa vidole:
"Arobaini na moja, mzee."
Kilo arobaini na moja!
Nusu gunia la mahindi halifiki,
na ndilo lililonikalia kifuani tangu nistaafu.

Nyuma ya maboksi kulikuwa na dirisha.
Nyumba nimejenga mwenyewe, dirisha nikalisahau.
Mlima hauonekani pale; mlima uko upande wa choo.
Pale unaona kamba ya nguo ya jirani, mashuka mawili,
na kuku asiye wangu akichimbua mchicha wangu.
Nikasimama nikatazama muda mrefu kuliko inavyostahili.

Aikande aliporudi, mlango ulikuwa wazi wote.
Akaingia kifua mbele.
Hakusifu. Alitafuta tu pa kuutua mkungu wa ndizi,
na pakawepo.

Nikafunga hesabu kwa wino mwekundu.
Salio: viatu, jozi moja.
Kabati la juu halijaguswa.
Hilo ni la Jumamosi.