Mwezi Hauchorwi

Kwanza nalowesha karatasi yote
isipokuwa duara moja, upana wa kifuniko
cha chupa ya dawa ya kikohozi.
Hapo brashi isiguse. Mwezi, alinifunza Bi Thirlwell
katika ukumbi wa kanisa, pale Hexham, Jumanne jioni,
mwezi hauchorwi: unaachwa.
Unachora usiku wote unaouzunguka
kisha unashangaa nani ameuwasha.

Nyeusi ameipiga marufuku.
"Hakuna usiku mweusi," asema, na kunichanganyia
nili na hudhurungi kwenye kisahani cha chai chenye ufa,
nami nikaitambua mara moja: kaniki,
kaniki ya shangazi Mwanakombo, iliyofuliwa
hadi ikakumbuka kwamba zamani ilikuwa mbingu.
Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Misonobari mitatu, upande wa kushoto.
Ule wa katikati nimeukosea, umeinama kama mtu
anayetafuta ufunguo kwenye theluji. Basi, atafute.
Chumvi kidogo ya mezani juu ya rangi ingali mbichi,
na baridi ya Januari inachanua yenyewe, punje kwa punje.

Sasa nyumba.
Ni ile ya mawe, ukishavuka daraja,
niipitayo saa kumi alfajiri nikitoka zamu
hospitalini, viatu vikilia juu ya barafu.
Mwaka mzima dirisha la juu lilikuwa na taa.
Sikumjua aliyeiwasha. Mgonjwa, au mwandishi wa barua,
au mwenzangu tu katika ukoo wa wasiolala.
Nilimzoea. Nilimwamkia kimoyomoyo.
Tangu wiki ya Krismasi, giza.
Langoni wamepigilia kibao: inauzwa.

Brashi nyembamba, ncha imechovywa manjano.
Mkono umesita, tone linaning'inia.
Bi Thirlwell yu nyuma yangu, ananukia sabuni na mnanaa.
"Tia taa," asema. "Watu hupenda dirisha lenye taa."

Nimeisuuza brashi.
Nimelijaza dirisha kaniki, taratibu, toka pembeni,
nikabakiza upenyo, mstari mmoja wa karatasi tupu,
mwembamba kuliko uzi, kati ya pazia na pazia.
Si taa. Wala si mwezi.
Ni pale tu ambapo sikugusa.