Mbuzi

Nimelikuta chini ya godoro la Shebwana
alfajiri, nikitafuta sweta la shule nilifue:
sweta lenyewe ndilo lililoliviringa.
Panga jipya. Bado lina kibandiko cha bei.
Miaka kumi na mitatu, huyu. Sauti yake
asubuhi ni ya mamake, jioni ni ya mtu nisiyemjua.

"Si langu. Nimepewa niwawekee."
Na nani?
Akautazama ukuta. Nami nikautazama.
Nyuma ya ukuta ule ni uchochoro,
na mwisho wa uchochoro, Mtopanga nzima yajua,
ni baraza ya duka lililofungwa
wanapoketi vijana wasio na pa kwenda
wakiulizana nani mwanamume.

Mkono wangu ulipanda. Nasema kweli.
Ulipanda wenyewe, kama winchi ya Kilindini
mwendeshaji akisinzia.
Ulikuwa mkono wa marehemu baba,
na mshipi wake, na harufu ya tumbaku yake,
na neno moja aliloniachia urithi: Jikaze.
Nilijikaza alipokufa. Nilijikaza makaburini,
watu wakanisifu.
Miezi minne baadaye nikalia sokoni Kongowea
mbele ya muuza vitunguu,
kwa sababu ya kikohozi cha mtu
aliyepita nyuma yangu.

"Samaki mkunje angali mbichi," jirani hunambia.
Mimi ndiye samaki aliyekunjwa.
Hadi leo sijanyooka.

Mkono ukashuka. Sikujua niupeleke wapi.
Ukaenda kapuni, ukatoka na nazi mbili.
Njoo, nikamwambia. Uje na panga lako.

Ya kwanza aliipasua vibaya, maji yote sakafuni.
Ya pili nikamshika kifundo cha mkono:
si kwa makali, kwa mgongo wa panga,
gonga, geuza, gonga, geuza,
nazi haitaki hasira.
Ikafunguka.
Nikamsogezea mbuzi.

"Baba. Hiyo ni ya wanawake."
Mamako yuko wodini tangu jana magharibi
anageuza wagonjwa wazito kuliko wewe na mimi.
Hajauliza kazi hiyo ni ya nani.
Keti.

Akaketi upande, magoti yamemzidi,
kama mtu aliyepanda punda wa watu.
Nikacheka. Akanuna. Akakuna.
Nazi ikaanza kudondoka siniani, kidogo kidogo,
mpaka meno ya mbuzi yakamwuma kidole,
tone jekundu juu ya weupe,
naye akanitazama kwanza, kabla ya kulia,
kuuliza kama inaruhusiwa.

Hilo ndilo lililonichoma. Si panga.
Tazamo lile najua nililimfunza lini:
alikuwa na miaka minne, ameanguka na baiskeli,
goti limechubuka lote,
na mimi, mimi huyu, nikasimama mlangoni
nimefunga mikono.

Lia, nikasema. Lakini usilie ndani ya nazi.
Akalia huku akicheka, kamasi na yote,
nami nikakiosha kidole bombani
polepole kuliko kilivyohitaji.

Saa mbili mamake akaingia, mahamri kwenye gazeti,
akaketi kula na viatu vyake miguuni.
"Mbaazi hizi kapika nani? Chumvi imezidi."
"Mimi," akasema Shebwana.
Sauti haikuwa ya asubuhi wala ya jioni.
Mamake akaongeza upawa mwingine,
asiseme kitu.

Panga lilikuwa kando ya karai, limelowa,
chembe za nazi zimegandia kibandiko.
"Watalitaka," akanong'ona.
Najua.

Ndipo mbinja ikapigwa uchochoroni.
Mara moja. Kimya. Mara ya pili.
Mamake akainua kichwa.
Mtoto akasimama.
Nikasimama nami,
nikitafuta viatu.