Ndoo Moja

Nililinunua Februari, pesa ya korosho ilipoingia;
si jipya, wengine walishalichosha,
ila viti vyake vilikuwa rangi ya maziwa.
Aliyechagua rangi hiyo huko kiwandani
hakuwahi kuoneshwa udongo wa Newala.

Udongo wetu haugongi hodi.
Unaingia na kandambili, na upindo wa kanga,
na tairi la baiskeli nililombebea Mfaume siku moja,
siku moja tu, na mpaka leo
kuna mstari mwekundu kwenye dari
kama kalamu ya mwalimu juu ya jibu la kubahatisha.

Basi nikaweka sheria. Hakuna kula. Hakuna soda.
Kung'uta miguu, kaa, tulia.
Nikatandika mifuko ya salfa juu ya viti,
abiria wakapiga chafya mpaka Kitangari.
Nikaitandua.

Paka hakuhudhuria kikao.
Karani, tunamwita, kwa kupenda kulala juu ya karatasi.
Alipenya kwenye kioo nilichokiacha wazi kwa ajili ya joto,
akalala kiti cha dereva, akaniachia
koti zima la manyoya.
Ufagio ulishindwa. Kitambaa kilishindwa.
Dawa alinipa fundi cherehani: kandambili kuukuu,
ilowe kidogo, iburuzwe upande mmoja,
manyoya yatakuja yenyewe, yamejiviringisha.
Yalikuja. Nikajiona mganga.

Halafu Oktoba. Halafu Bi Asinahabi,
shangazi yake mama, ambaye haambiwi
"usipande na hicho."
Ndoo ya mabibo katikati ya miguu,
sahani juu yake ndiyo mfuniko.
Kona ya pili, mteremko wa kushukia Masasi,
mbuzi akavuka, nikakanyaga breki,
na ndoo ikasema yote iliyokuwa nayo moyoni.

Kiti kikanywa. Zulia likanywa.
Harufu tamu, kali, ya kukwaruza koo,
ikatujaa kama mgeni wa tano.
Bi Asinahabi akatazama, akajifuta kidevu:
"Doa la bibo haliondoki mpaka msimu wa mabibo uishe.
Usijisumbue, mjukuu wangu."

Nikajisumbua.
Magadi, limau, siki, sabuni ya kipande,
na maji ndoo moja, ya kununua.
Hapo ndipo alipopita binti wa Nangololo,
ametoka kioski tangu alfajiri, ndoo kichwani,
akasimama, akaniona nakinywesha kiti.
Hakusema neno.
Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu
anayelilisha jiwe uji.

Maji yakimwagika hayazoleki:
hiyo ni methali ya watu wenye visima.
Huku juu tunayazoa.
Nilikandamiza kitambaa, nikakamua ndooni,
nikakandamiza, nikakamua,
mpaka ndoo ikarudi nusu na zaidi,
rangi ya chai ya msibani,
nikaupelekea mpapai wa uani.
Mpapai haukuuliza yalikotoka.

Sasa Januari. Mnada wa mwisho umepita,
mikorosho imebaki na majani yake tu.
Leo asubuhi nimefungua mlango, nikalitafuta doa.
Limefifia, au macho yamelizoea,
siwezi kuapa.
Nimepapasa pale lilipokuwa,
mkono umerudi na unyoya mmoja wa Karani.
Harufu ipo bado, kwa mbali, jua likipanda.

Bi Asinahabi kapiga simu.
Anataka kushuka Masasi Jumanne,
ana kuku wawili na mtungi wa asali
ambao, anasema, haumwagiki.
Nimesema sawa.
Nimekwenda kuitafuta ile kandambili.